Stempu ya Senti Thelathini na Ndege Isiyochorwa: Maoni Juu ya Matumizi ya Picha Darasani

Mara nyingi tuendapo kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha twakuta jambo moja. Andalio la somo limeandikwa vizuri, malengo yapo, hatua zipo, na mbele ya neno "zana" pameandikwa "picha". Mwalimu mtarajiwa huitundika picha yake ubaoni, huuliza, "Hiki ni nini?", darasa zima hujibu kwa sauti moja, kisha picha hubaki pale mpaka kengele inapolia. Kazi yake ilikwisha katika nusu dakika ya kwanza. Ukimwuliza baadaye kwa nini aliileta, atakuambia kwamba wakufunzi wanataka zana. Jibu hilo ni la kweli, na lawama yake ni yetu sisi.

Katika makala haya tunataka kutoa maoni yetu juu ya jambo hilo, na tutayatoa kwa kutumia picha ndogo kuliko zote ambazo mwalimu wa kijijini aweza kuipata bila fedha nyingi, yaani stempu ya posta. Hatusemi kwamba stempu ni bora kuliko ramani au tufe. Twasema kwamba picha yoyote, iwe kubwa au ndogo, haianzi kufundisha mpaka mwanafunzi aulize juu ya kile ambacho mchoraji hakukichora.

Stempu yenyewe ilipatikana Chidya, wilayani Masasi, pembeni mwa nyanda za juu za Makonde. Mwanachuo wetu mmoja alikuwa amepangiwa shule ya msingi ya jirani, naye alikuwa akihangaika kutafuta zana ya somo la usafiri wa anga kwa Darasa la Sita. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alimpa bahasha kuukuu aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Bahasha ilikuwa imetumwa kutoka Nairobi. Juu yake palikuwa na stempu ya senti 30 yenye picha ya ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, na majina ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania.

Stempu hiyo ni moja katika jozi ya stempu nne zilizotolewa Januari 1967 kuadhimisha miaka 21 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Ya senti 30 inaonyesha ndege iitwayo Dragon Rapide. Ya senti 50 inaonyesha Super VC10. Ya shilingi 1 na senti 30 inaonyesha Comet 4. Na ya shilingi 2 na senti 50 inaonyesha Fokker Friendship. Mwalimu anayetaka kuzitumia hana budi kujua habari kidogo ya kila moja, maana wanafunzi watamwuliza, na asipojua atawanyamazisha.

Dragon Rapide iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1934. Kiunzi chake ni cha mbao, na juu yake hutandikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, mfano wa ngoma iliyowambwa. Ina injini mbili za nguvu za farasi 200 kila moja, na huchukua abiria wapatao wanane. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946 lilikuwa na ndege sita za aina hiyo. Comet 4, ndege ya jeti, ilipokewa mwaka 1960. Friendship, yenye injini mbili za rafadha zinazoendeshwa kwa tabo na mabawa yaliyowekwa juu ya kiwiliwili, ilifuata mwaka 1962. Super VC10, yenye injini nne za jeti zilizofungwa mkiani, ilikuja mwaka 1966, ikawa ndiyo fahari ya shirika kwa safari za Ulaya.

Sasa turudi darasani. Somo la kwanza la mwanachuo wetu lilishindwa, na lilishindwa kwa kufuata ushauri wetu. Tulikuwa tumemwambia aipitishe stempu kwa wanafunzi, kila mmoja aitazame. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini. Stempu ilipita mkono kwa mkono, kila mtoto akaitazama kwa sekunde chache, wale wa nyuma wakagombana, na dakika 25 zikaisha. Mwishoni aliuliza, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Ndege!" Hapo tulikuwa tumerudi kulekule kwenye nusu dakika ya kwanza, ila kwa njia ndefu zaidi.

Usiku ule tulikaa naye tukafikiri upya. Njia aliyoitumia siku ya pili ni rahisi, na twaipendekeza kwa walimu wote wasio na mitambo. Alichukua karatasi nyembamba ipitishayo mwanga, akaichora miraba ya milimita mbili, akaiweka juu ya stempu, akainakili picha kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ubaoni akachora miraba ya sentimita kumi. Kwa hiyo kila kilichokuwa na urefu wa milimita mbili kikawa na sentimita kumi, yaani picha ilikuzwa mara hamsini. Wanafunzi waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akajaza mraba wake kwa kutazama karatasi ya mwalimu. Asiyeona vizuri alisaidiwa na chupa ya kioo iliyojaa maji, ambayo hukuza maandishi ikiwekwa karibu. Najua wapo watakaosema kwamba simu ya mkononi ingeikuza picha hiyo kwa kugusa mara mbili. Hilo ni kweli, na mwenye simu aitumie. Lakini mtoto aliyejaza mraba wenye nguzo zinazoshikilia mabawa mawili huuliza nguzo zile ni za nini. Aliyegusa kioo cha simu hana haja ya kuuliza.

Na kweli waliuliza. Kwa nini ndege hii ina mabawa mawili na ile nyingine, ambayo mwalimu aliichora pembeni, ina moja? Mwalimu alieleza kwamba bawa la mbao na kitambaa haliwezi kuwa refu na jembamba bila kuvunjika, hivyo wahunzi wa zamani waliweka mabawa mafupi mawili wakayafunga kwa nguzo na nyaya, kama vile mtu ajengavyo dari kwa miti miembamba mingi asipopata boriti moja nene. Metali ilipoanza kutumiwa vizuri, bawa moja likatosha.

Kisha likaja swali ambalo hatukulitazamia. Msichana mmoja aliyekaa dirishani aliuliza, "Mwalimu, ndege zote nne ni sawasawa?" Alikuwa ameona kwamba stempu zote nne, kama zilivyochorwa ubaoni, ni za ukubwa mmoja, na ndege zote zimeenea ndani ya karatasi zilezile. Mwalimu aliwatoa nje. Walichukua kamba na mita ya fundi, wakapima upana wa mabawa uwanjani: Dragon Rapide mita 14.6, Friendship mita 29, Comet 4 mita 35, Super VC10 mita 44.6. Mtoto mmoja alisimama kila ncha. Wawili wa Dragon Rapide waliweza kusemezana bila kupaza sauti. Wale wa Super VC10 walikaribia kufika pande zote mbili za uwanja wa mpira, wakawa wanapigiana kelele. Hatujapata kuona somo la vipimo lililoeleweka upesi kama lile. Picha ilikuwa imewadanganya, nao walikuwa wameikamata.

Kutoka hapo hesabu ya mwendo ilikuja yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 350. Dragon Rapide, ikienda kilomita 212 kwa saa, huchukua kama saa moja na dakika 40. Super VC10, kwa mwendo wake wa kilomita 885 kwa saa, ingechukua dakika 24. "Ingechukua," alisema mwalimu, akaligonga neno hilo kwa chaki. Maana Super VC10 haikutua Lindi. Ilihitaji njia ndefu ya lami, nayo ilifanya safari za Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam na London.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maoni yetu. Mtoto mwingine aliuliza, "Basi huku kwetu ilikuja ipi?"

Jibu la swali hilo halimo katika stempu hata moja kati ya nne. Ndege iliyobeba sehemu kubwa ya kazi za safari za ndani za Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na 1960, na ambayo ilikuwa bado kazini miaka ya 1970, ni Douglas DC-3, iliyojulikana kwa wengi kwa jina la Dakota. Hiyo ndiyo iliyotua Lindi, Mtwara na Nachingwea. Katika maadhimisho ya 1967 haikupewa stempu. Hata Lodestar na Argonaut, ambazo nazo zilitumikia shirika hilo, hazikupewa. Si vigumu kuona sababu: sherehe hupenda kuonyesha mwanzo wa unyonge na mwisho wa fahari, ili watu waone umbali uliokwendwa. Aliyefanya kazi katikati, siku hadi siku, husahauliwa. Walimu wanalijua hilo kuliko watu wengi.

Dakota ilistahili zaidi. Iliruka mara ya kwanza huko California tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili tangu siku ile ndugu wawili wa ukoo wa Wright waliporusha ndege yao ya kwanza. Mwili wake ni wa alumini. Mabawa yake yana upana wa mita 29, sawa na yale ya Friendship iliyokusudiwa kuirithi. Injini zake mbili zina nguvu za farasi zipatazo 1,200 kila moja, nayo huchukua abiria kati ya 21 na 32, au mzigo wa tani mbili na zaidi. Marekani peke yake ilitengeneza zaidi ya 10,000, nyingi kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Urusi ya Kisovieti na Japani nazo zilijenga za kwao kwa mfano uleule. Vita vilipokwisha zikauzwa kwa bei nafuu duniani kote, na ndiyo maana nchi nyingi changa zilianza usafiri wao wa anga kwa Dakota.

Mwalimu aeleze pia kwa nini iliweza kutua mahali ambapo nyingine hazikuweza. Magurudumu yake mawili makubwa yako mbele, na gurudumu dogo liko chini ya mkia, hivyo ikiwa ardhini huinua pua kama mbuzi anayetaka kufikia majani. Kwa mkao huo rafadha zake huwa juu, mbali na mawe na majani. Huweza kwenda polepole bila kuanguka, na haihitaji lami. Udongo ulioshindiliwa au majani yaliyokatwa humtosha. Abiria aliyepanda kwa mlango wa nyuma ilimbidi kupanda mlima ndani ya ndege ili akifikie kiti chake.

Je, stempu za Dakota hazipo kabisa? Zipo, na nyingi, katika nchi mbalimbali. Marekani, mathalani, ilitoa mwaka 1997 karatasi ya stempu 20 za ndege zake mashuhuri za zamani, na DC-3 imo. Kwa hiyo mtoto wa Chidya aweza kuiona ndege iliyotua Nachingwea kwenye stempu ya Marekani kabla ya kuiona kwenye stempu ya nchi tatu zilizoitumia. Hilo nalo ni somo, ingawa si la furaha.

Mwalimu akishafika hapa, historia ya Kusini humfungukia kama mlango. Lindi ilipata kuwa kituo cha njia ndefu ya anga tangu mwaka 1937, wakati ndege kubwa zituazo majini zilipofanya safari kutoka Southampton hadi Durban na kushuka, pamoja na kwingineko, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na katika ghuba ya Lindi. Baada ya vita ukaja mpango wa karanga wa mwaka 1947, ambao ulifyeka misitu ya Nachingwea kwa matrekta, ukajenga reli na bandari ya Mtwara, ukala fedha zipatazo pauni milioni 36 za Waingereza, kisha ukaachwa mwaka 1951 karanga zikiwa hazikutosha hata kurudisha gharama ya mbegu. Reli ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari na viwanja vya ndege vilibaki. Kwa muda wa miaka mingi iliyofuata, mvua za masika ziliponyesha na mto Rufiji kufurika, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika, na hali hiyo haikupata nafuu ya kweli mpaka daraja la Rufiji, liitwalo kwa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa wilaya hiihii ya Masasi, lilipofunguliwa mwaka 2003. Katika miezi ile ya mvua, barua iliyofika ilikuwa imeruka. Hapo ndipo mtoto anapofahamu kwa nini picha ya ndege iliwekwa juu ya stempu, wala si kwa urembo tu.

Sasa tueleze jambo lililotugawa sisi wenyewe.

Mwanachuo wetu, akiwa ameona jinsi swali la "huku kwetu" lilivyowaamsha wanafunzi, aliwaagiza wawaulize wazee nyumbani kama wapo walioiona Dakota. Siku ya Jumamosi asubuhi wanafunzi walikuja na bibi mmoja, jirani wa shule. Walimwamkia, naye akawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akaketi kwenye kiti cha mwalimu. Alipewa ile bahasha. Aliisogeza karibu na macho, akaigeuza, akasema, "Hii ni ndogo. Yetu ilikuwa na sauti."

Alisimulia kwamba alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, na kwamba alivuka mto akiwa msichana wakati wa vita vya Wareno. "Ndege tuliyoijua sisi haikuleta barua," alisema. Alieleza jinsi walivyofundishwa kuzima moto mapema kabla ya jua kupanda, ili moshi usionekane. Jinsi walivyoanika unga chini ya miti na si uwanjani. Na jinsi mama yake alivyomziba mdomo mdogo wake waliposikia mngurumo, kana kwamba rubani angeweza kumsikia mtoto analia. Mvulana mmoja alimwuliza, "Bibi, ilikuwa hiyo Dakota?" Akajibu kwamba hakuna aliyesimama kuitazama.

Mwalimu atakayefundisha habari hii na ajue kwamba vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964 na kusimama mwaka 1974, kwamba Nachingwea ilikuwa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, na kwamba jeshi la anga la Wareno huko Msumbiji lilikuwa na ndege za aina nyingi, Dakota zikiwamo. Ndege ileile iliyokuwa ikishusha mifuko ya barua upande huu wa Ruvuma ilikuwa ikichukua askari upande wa pili.

Darasa lilikaa kimya. Mwanachuo alitutazama sisi tuliokuwa tumeketi nyuma, kama mtu anayeuliza aendelee au aache. Hatukumpa ishara yoyote. Yeye akamshukuru bibi, akawauliza wanafunzi kama wana maswali. Walikuwa nayo mengi, na kipindi kilipita muda wake kwa saa nzima.

Tulipokaa kujaza fomu ya tathmini, mmoja wetu alishikilia kwamba somo lile lisipewe alama ya kupita. Hoja zake hazikuwa za kupuuzwa. Lengo lililoandikwa lilikuwa "mwanafunzi aweze kutaja aina nne za ndege za abiria", na somo lilikwenda mbali na lengo hilo. Azimio la kazi lilikuwa limechelewa kwa vipindi vitatu. Tena, alisema, mtoto wa miaka kumi na miwili hakuja shuleni kutiwa hofu. Na mwalimu asiye na uzoefu, akifungua mlango wa namna ile, hajui nani darasani ana jeraha nyumbani kwao. Mwenzetu huyo amefundisha miaka mingi kuliko sisi wengine, na hoja yake ya mwisho bado inatusumbua.

Lakini maoni yetu sisi wengine yalikuwa, na bado ni, kinyume chake. Hofu ile haikuletwa na mwalimu. Ilikuwapo vijijini tangu kabla ya mwalimu kuzaliwa, na watoto wengi wa nyanda za Makonde wameisikia vipande vipande jikoni bila kujua ni ya vita gani, ya mwaka gani, wala ndege zile zilitoka wapi. Shule iliwapa mahali pa kuiweka. Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, miezi miwili tu baada ya stempu hizi kutolewa, alilalamika kwamba shule humfanya mtoto aone kuwa maarifa yote yamo vitabuni na kwa watu waliosoma, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Walimu tumeisoma habari hiyo vyuoni mara nyingi. Bibi yule aliketi kwenye kiti cha mwalimu kwa muda wa saa mbili.

Kwa hiyo twapendekeza fomu ya tathmini ibadilishwe, walau kwa sehemu moja. Mahali panapouliza, "Je, zana ilitumika?", paulizwe, "Wanafunzi waliuliza maswali gani kutokana na zana?", na maswali yenyewe yaandikwe. Picha isiyozaa swali hata moja ihesabiwe kuwa haikuletwa. Tunajua kwamba mkaguzi mwenye walimu wanane wa kutazama kwa siku moja hatalifurahia pendekezo hili.

Wapo watakaosema kwamba stempu zimekwisha siku zake, kwamba watoto wa leo hawaandiki barua. Ni kweli kwamba wengi wa wale wa Chidya hawakuwa wamepata kuona barua iliyotumwa kwa posta, na mmoja aliuliza kwa nini aliyetuma alibandika picha badala ya namba yake ya simu. Sisi twaona kwamba hiyo ni faida. Kitu kilichozoeleka hakiulizwi. Ilibidi mwalimu aeleze kwamba kikaratasi kile ni risiti, kwamba nauli ya barua ililipwa kabla ya safari, na kwamba muhuri wa posta uligongwa juu yake ili kisitumiwe mara ya pili. Huo ni msingi wa biashara na wa serikali, nao umefundishwa kwa dakika tano.

Tena yupo aliyeuliza kwa nini barua iliyotoka Nairobi ina jina la Tanzania. Swali hili mwalimu asilipite mbio. Nchi tatu zilikuwa na posta moja, reli moja na shirika moja la ndege, na stempu moja ilikubaliwa katika zote. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala Juni 1967, mwaka uleule wa stempu zetu. Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 1977, shirika la ndege lilisimama, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ikavunjika. Machi mwaka huo Tanzania ikaanzisha shirika lake. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, lakini bila shirika la ndege la pamoja. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi majina matatu katika karatasi moja, kisha akawauliza ni nini kilichotokea, atakuwa na kazi ya muhula mzima, na tahadhari yetu hapa ni kwamba asikubali kuimaliza kwa sentensi moja ya kitabu.

Hatumshauri mwalimu yeyote kufanya hivi kila juma. Somo lile lilichukua vipindi viwili, Jumamosi moja, na usiku wa kuchora miraba. Mara moja kwa muhula yatosha. Wala si lazima iwe ndege: Newala yaweza kuwa habari ya maji, Masasi habari ya korosho, pwani habari ya jahazi. Tunachoomba ni mwalimu aijue picha yake kuliko anavyotarajia kuulizwa, na aijue pia ile iliyoachwa.

Zoezi la mwisho lilikuwa kila mwanafunzi achore stempu ya tano ya kuongezwa kwenye zile nne. Nyingi zilikuwa Dakota, zenye pua juu na mkia chini, kama walivyoelezwa. Moja haikuwa na ndege. Ilionyesha uwanja wa majani, watu wachache wamesimama na mizigo yao wakitazama juu, na pembeni mwanamke anazima moto. Bei aliyoiandika ni senti 30. Mwanachuo wetu alituuliza aipe alama ngapi katika kumi, nasi tulikwenda mpaka Masasi ndani ya gari tukilijadili swali hilo.